Mkono unakufa ganzi na bado kijana? Kabla hujailaumu simu, pita hapa

Kazi yangu ni altrasaundi. Watu wakisikia altrasaundi akili inaenda kwenye mimba tu, nikisema leo nimeshinda nachungulia vifundo vya mikono wanahisi natania, lakini kuna wiki mikono inakuwa mingi kuliko matumbo. Na wanaokuja sio wamama wa miaka hamsini tu, wanakuja vijana kabisa, msusi wa miaka 22, fundi simu, jamaa wa boda, mwanafunzi anayejiandaa na mitihani, wote hadithi ileile: naamka saa nane usiku mkono umekufa ganzi, nautikisatikisa mpaka urudi, nimeambiwa ni simu, nimepunguza simu, wapi.

Simu ina mambo yake sikatai. Ila kijana ambaye hana kisukari, hana mimba, tezi la shingo halina shida, afu mkono unaomsumbua ni mmoja na ule wa pili mzima kabisa, mi siulizi anashika simu masaa mangapi, nauliza humo ndani kuna kitu gani cha ziada. Hapa nitakuelekeza namna ya kulitafuta jibu, kuanzia mambo ya kufanya mwenyewe kitandani bila hela yoyote mpaka maneno ya kumwambia mtu wa kipimo, maana fomu ikiandikwa vibaya unalipa, unaambiwa "kawaida", unarudi nyumbani na ganzi yako.

Kwanza ujue tunachungulia wapi. Weka mkono mezani, kiganja kitazame juu. Ule mkunjo wa mwisho kabla kiganja hakijaanza ndo mlango wa handaki, na ugonjwa wenyewe madaktari wanauita kapo taneli. Sakafu na kuta ni mifupa midogo minane imejipanga kama bakuli, dari ni utepe mnene mgumu ambao hauvutiki. Humo zinapita kano tisa za kukunja vidole, nane za vidole vinne na moja ya gumba, pamoja na mshipa wa fahamu mmoja unaitwa mediani. Huo nitauita neva, maana kwetu kila kitu ni mshipa, damu mshipa, fahamu mshipa, hata ngiri mshipa, tutachanganyana.

Basi hesabu, kano tisa na neva moja, kumi. Ni kipanya leveli siti. Akipanda wa kumi na moja hakuna pa kusimama, ni kubanana, na kwenye hao wote aliye laini ni neva peke yake. Kwa watu wazima mara nyingi abiria haongezeki, wanavimba tu walewale waliomo, kisukari, baridi yabisi, tezi, mimba na maji yake. Kwa kijana mwenye mkono mmoja mbovu mi namtafuta huyo wa kumi na moja.

Anza na karatasi. Mchana weka mkono juu ya karatasi uzungushe kalamu kama watoto wa chekechea, uiweke karibu na kitanda. Usiku ukiamka na ganzi, kabla hujautikisa mkono, paka wino pale palipokufa tu. Usikisie asubuhi, asubuhi kila mtu anasema "mkono wote", nikimbana kidogo inakuwa vidole vitatu. Neva ya mediani inahudumia gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Hicho cha pete ndo shahidi wangu mkubwa, ukikikuta kimekufa upande unaotazama kidole cha kati na upande wa pili uko hai, hapo hatuna ubishi sana. Kidole kidogo kikiwa ndo kinachokufa, hiyo ni neva nyingine inaitwa ulna, katafute kwenye kiwiko au shingoni.

Na angalia kile kinofu chini ya gumba. Ngozi yake inahudumiwa na kitawi cha mediani kinachopita juu ya utepe, hakiingii handakini. Kwa hiyo handaki likibana, vidole vinakufa ila kiganja pale kinabaki na hisia zake. Kama na kiganja chenyewe kimelala, shida iko juu zaidi. Hii kitu inarukwa sana, nimeona watu wanapelekwa kupasuliwa kifundo wakati tatizo liko karibu na kiwiko.

Ukishachora, fanya majaribio. La kwanza la Phalen, gusanisha migongo ya mikono vidole vitazame chini, vifundo vimekunjwa, tulia dakika moja nzima kwa saa sio kwa kukadiria. La pili la Durkan, bonyeza na gumba la mkono mwingine juu ya lile handaki sekunde 30. Ganzi ikija kwenye vidole vya mediani, weka alama. La tatu watu wengi hawalijui na kwa kijana ndo nalipenda, kunja ngumi, kaza, kifundo kiwe kimenyooka kabisa, shikilia kama dakika. Ikiwa ngumi inakuletea ganzi kuliko ile ya Phalen, kumbuka kuniambia, nitaeleza chini kwa nini.

Baada ya hapo weka woga pembeni na uchunguze mkono wenyewe kwa macho. Gusanisha gumba na kidole kidogo afu kunja kifundo kidogo, katikati inatakiwa isimame kamba moja chini ya ngozi. Hiyo ni kano ya msuli unaoitwa palmarisi longasi. Kuna watu hawana kabisa na hawadaiwi kitu, usianze kulia. Kinachonivutia ni pale kamba haisimami, badala yake pale juu kidogo ya kifundo panatuna kinofu, kigumu ukikaza na laini ukilegeza. Huo ni msuli uliokaa kichwa chini miguu juu, nyama ambayo ilipaswa kuwa karibu na kiwiko imeshuka mpaka kwenye mlango wa handaki. Mtu wa kazi za mikono msuli huo unakua kama misuli mingine, anaanza kuumwa akiwa na miaka ishirini na kitu baada ya kubadilisha kazi, na kila mtu anasema kazi ndo mbaya. Kazi imefichua tu.

Halafu kunja gumba peke yake kuelekea kwenye kiganja. Ncha ya kidole cha shahada imekunjika nayo bila kuiambia? Hiyo inaitwa Linburg-Comstock, kano ya gumba na ya shahada zimeungana. Wengi wanayo na wanaishi raha mustarehe, mimi mwenyewe mkono wa kulia ninayo na sijawahi kuamka usiku. Ila kama ukikizuia kidole cha shahada kisifuate unapata maumivu juu ya kifundo, itaje kliniki.

Sasa twende kwenye kile ninachokutana nacho mezani na kinachonifurahisha, Mungu anisamehe, maana mgonjwa anaumia mi nafurahi. Mtoto akiwa tumboni wiki za mwanzo, mkono wake unalishwa damu na ateri ya katikati, yaani mshipa wa damu unaotembea bega kwa bega na neva ya mediani. Kuelekea wiki ya nane ateri mbili za pembeni zinachukua kazi, ya katikati inanywea. Kwa wengine hainywei. Wanazaliwa nayo, wanakua nayo, inaingia handakini pamoja na neva, na huyo ndo abiria wa kumi na moja mwenye mapigo ya moyo. Mwaka 2020 watafiti wa Australia walichapisha kazi yao kwenye jarida la anatomia, walichunguza mikono 78 ya watu waliofariki wakaikuta ateri hiyo kwenye 26, na kwa hesabu zao waliozaliwa miaka ya 1880 walikuwa nayo kama asilimia 10 hivi wakati kwa watu wa mwisho wa karne ya 20 imefika kama asilimia 30. Kwa hiyo ukiambiwa unayo usihisi umelogwa.

Yule msusi niliyemtaja, kwa mfano. Mkono wa kulia tu, rasta ndefu akisuka masaa sita vidole vinakuwa kama vya mtu mwingine, alishakunywa dawa za maumivu mpaka tumbo likalalamika. Nikaweka jeli, nikaweka probu, kile kichwa cha mashine tunachokishika, kwenye kifundo taratibu. Neva ya kawaida ukiikata kwa picha inaonekana kama kipande kimoja cha sega la asali, vidoti vyeusi ndani ya weupe. Yake vilikuwa vipande viwili, neva imegawanyika mapema kabla ya handaki badala ya kugawanyika ndani ya kiganja, na katikati ya hivyo vipande kuna kiduara cheusi kinadunda. Nikamgeuzia skrini.

"Dokta, huo si moyo?"

Mi sio dokta, nimechoka kusahihisha. Nikamwambia, "Mdogo wangu, huo ni mshipa wa damu ambao wenzako ulishanyauka wakiwa tumboni kwa mama zao." Akacheka, akaniuliza kama ni dalili ya kuwa na damu nyingi. Hapana. Neva iliyogawanyika na ateri ya katikati hupenda kutembea pamoja, na nyingi hazina kesi na mtu. Kesi inakuja ateri ikiwa nene, au handaki lenyewe ni jembamba, au kazi inavimbisha vilivyobaki. Na mara chache sana damu inaganda ndani ya hiyo ateri, hapo mtu aliyelala mzima anaamka au yuko kazini tu na maumivu makali ya ghafla kwenye kifundo, vidole vinapauka au vinakuwa vya baridi. Hiyo hungoji kliniki ya wiki ijayo, unaenda siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ukienda kupima sema hivi, au mwombe daktari aandike hivi: vifundo vyote viwili, kulinganisha, kuanzia katikati ya mkono wa chini mpaka kiganjani, dopla iwashwe (ile sehemu ya mashine inayoonyesha damu ikitembea), na vidole vikunjwe na kunyooshwa wakati wa kupima. Usione aibu kusema, hela ni yako. Itumike ile probu bapa ya vitu vya juu juu, sio ile iliyopinda ya tumbo. Na mpimaji asikandamize, hapa wenzangu mnisikie, ukikandamiza ateri ndogo inafungika na hutaiona, dopla itakaa kimya utaandika "kawaida". Jeli iwe nyingi, mkono uwe mwepesi. Mwulize pia ukubwa wa neva, kwenye mlango wa handaki ikizidi kama milimita 10 za mraba tunaanza kuiangalia kwa jicho baya, na ikiwa imegawanyika zinajumlishwa zote mbili.

Kwa nini vidole vikunjwe na kunyooshwa? Ndo ile ngumi niliyokuahidi. Kuna misuli midogo kiganjani, lumbrikali, inaanzia kwenye kano za vidole. Kwa kawaida inakaa nje ya handaki, ukikunja ngumi inavutwa kidogo kuelekea ndani. Kwa mtu ambaye yake imeanzia juu sana, au imenenepa kwa kazi, ngumi moja tu handaki linajaa nyama. Huyu ganzi yake inakuja akishika, usukani wa boda, bisibisi, nyundo, chuma za jimu. Kinyume chake kuna misuli ya mkono wa chini, hasa ule wa kidole cha shahada, ambao nyama yake inashuka chini kuliko inavyotakiwa, huyo nyama inaingia akinyoosha vidole. Mgonjwa akitulia kama maiti vyote viwili havionekani. Nimeshawahi kuandika ripoti ya "hakuna kitu" kwa fundi uashi, akarudi baada ya miezi minne na daktari mwingine, nikamwambia akunje ngumi, nikaona nyama inaingia kama watu wanagombania mlango wa basi. Ile ripoti ya kwanza niliandika mimi, sina wa kumlaumu.

Uvimbe nao upo, kifuko cha maji ya kiungo, uvimbe wa mafuta, hivi altrasaundi inaviona mapema sina maneno mengi. Ila viwili usivipite haraka. Kama tangu utotoni una kidole kimoja au viwili vikubwa kuliko vingine, na sasa mkono unakufa ganzi, sema hilo. Kuna neva inayojijaza mafuta ndani kwa ndani, kwenye picha inaonekana kama waya mnene wenye nyuzi nyingi, na mtu asiyeijua anaweza kudhani ni uvimbe wa kutoa. Ukiitoa umetoa neva. Kinachofanywa ni kufungua utepe ili ipate nafasi.

Cha pili ni kifua kikuu, na kwetu huku hiki tunakisahau wakati ndo kwake. TB inaweza kukaa kwenye ala za kano za kifundo, yaani mifuko inayozifunika kano, bila kikohozi hata kimoja. Unaona uvimbe laini juu ya kifundo na mwingine kiganjani, ukibonyeza wa juu wa chini unatuna, katikati pamebanwa na utepe, na ndani kwenye picha kuna vitu vinaelea kama punje za mchele. Nilimpata kijana wa miaka 19 alishachomwa sindano mbili za steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, kwenye kifundo, sehemu siitaji, bila mtu kuweka probu hata dakika tano. Steroidi kwenye TB ni kumwagia moto petroli. Kifundo kimevimba wiki kwa wiki, picha kwanza sindano baadaye.

Kuna la kifamilia pia, kama baba au shangazi naye mikono inamfa ganzi, na wewe ukikunja miguu kidogo unyayo unalegea siku kadhaa, huo ni ugonjwa wa kurithi wa neva kuogopa kubanwa, mwambie daktari wa neva. Na mzazi mwenye mtoto mdogo anayeangusha vitu, anayetafuna ncha za vidole, ambaye vidole havinyooki vizuri, watoto huwa hawasemi ganzi, mpeleke. Kwa watoto kabisa sababu inayoongoza ni magonjwa ya kurithi ya kuhifadhi sukari ngumu mwilini, mukopolisakaridosi, na hapo kifundo ni dalili moja tu kati ya nyingi.

Kabla hamjakubaliana ni handaki, wakague na shingo. Kuna watu wana mbavu ya ziada shingoni, ganzi yao inakuja wakiinua mikono kuanika nguo au kusuka mtu aliyekaa kiti kirefu, na inapenda upande wa kidole kidogo. Eksirei inaionyesha. Kuna wachache wenye kimfupa cha ziada juu ya kiwiko upande wa ndani, neva inapita chini yake inabanwa, eksirei ya mkono wa juu inatosha. Na kuna kubanwa kwenye msuli chini ya kiwiko, huyu haamki usiku sana, anaumia akizungusha bisibisi, na kiganja kinalala. Unaona kwa nini nilikwambia uangalie kile kinofu.

Kipimo cha umeme wa neva ni kizuri na madaktari wa upasuaji wanakitaka, ila kinakwambia waya umebanwa, hakikwambii na nani. Mwanzoni mwa ugonjwa kinaweza kutoka safi. Damu nayo ipimwe, sukari, homoni za tezi, na kwa dada kipimo cha mimba, usikasirike ukiulizwa.

Wakati unasubiri hayo yote lala na splinti ya kifundo, kile kifaa cha kuvaa ili kifundo kisikunjike, kila usiku, kama wiki sita. Hapa kuna kosa la dukani, splinti nyingi zina kibati kimepindwa kuinua kiganja juu, handaki linataka kifundo kilichonyooka. Chomoa kile kibati, kinyooshe kwa mkono au kwenye goti, kirudishe. Usikaze mpaka vidole vibadilike rangi. Ngumi zipunguze, yaani kama jaribio la ngumi ndo lilikushika usinunue ile mipira ya kuminyaminya ya mazoezi, unakuza hiyohiyo nyama inayokubana.

Ikifika sindano, na una ateri ya katikati, iingie kwa kuongozwa na altrasaundi. Ikifika kupasuliwa, ni utepe unakatwa, mara nyingi kwa ganzi ya hapohapo mkononi na unarudi nyumbani siku hiyo, lakini ripoti ya ateri au neva iliyogawanyika au msuli wa ziada daktari aisome kabla hajashika kisu, sio ibaki kwenye bahasha kwa ndugu aliye nje. Wengi wakishajua kuna kitu cha hivyo wanachagua kufungua wazi waone, kuliko kupita na kamera kwenye tundu dogo. Ateri nzima kwa kawaida inaachwa.

Na haya hayasubiri splinti wala nani: ganzi ambayo haiondoki tena mchana wala usiku, kile kinofu cha gumba kimepungua ukilinganisha na mkono wa pili, funguo na vikombe vinaanguka, au ganzi imekuja baada ya kuanguka na kifundo kimevimba, hapo mfupa unaweza kuwa umetoka mahali pake umeingia handakini.

Msusi wangu hakupasuliwa. Alilala na splinti, akabadilisha kiti cha wateja kiwe kifupi, rasta ndefu anagawana na mwenzake, mara ya mwisho nilivyompima ateri iko palepale inadunda ila haamki tena usiku. Sindano ameikataa, anasema ikirudi atakuja. Na wewe ukija, njoo na ile karatasi uliyopaka wino usiku, hata kama imekunjamana.